Sifuri za Duara la Nane

Paskalina hakubonyeza kitufe cha kukubali fomula pasipo kupiga kwanza ishara ya msalaba. Hakuona haya. Mtu aliyeachishwa shule darasa la nne huko Shinyanga vijijini ili achunge ndama wa mjomba wake, akarudi darasani ana miaka arobaini na tano, akapata cheti cha kidato cha nne akiwa tayari na wajukuu wawili, hawezi kukaa mbele ya laptopu kama anayekaa mbele ya sufuria. Sufuria alizijua. Kwa miaka sita alikuwa amewapikia ugali wachimbaji themanini wa Chama cha Tumaini, kwenye machimbo madogo kando ya barabara iendayo Buseresere, na katika miaka yote sita hapakuwa na sufuria iliyomwambia kwa maandishi mekundu kwamba amesahau kufunga mabano.

Jikoni alitolewa na mwandiko wake. Karani wa ofisi alipoolewa Chato, Mwenyekiti Abdulshakur alipita kutafuta chai, akaiona orodha ya mboga iliyobandikwa mlangoni, herufi zimesimama sawasawa kama askari wa gwaride, akauliza ni nani aliyeandika. Mwenyekiti alikuwa mnunuzi wa dhahabu wa Geita mjini, mtu wa kanzu nyeupe hata siku za vumbi, na maamuzi yake yalikuwa ya haraka. Kesho yake Paskalina alikaa kwenye meza ya ofisi, kwa muda. Ule muda ulikuwa umefika miezi minne sasa, na hakuna aliyemwambia unaishia wapi.

Siku aliyoambiwa ndiyo siku usingizi ulipokatika. Chama kilikuwa kimekodi mashine ya kuchoronga miamba kwa siku kumi, na mashine ile ingeweza kuwekwa kwenye duara moja tu. Maduara yaliyokuwa bado yakichimbwa yalikuwa matano, mengine yalishafukiwa na namba zake, kila shimo na kundi lake la wachimbaji, na kila kundi liliapa kuwa dhahabu yote ya wilaya imelala chini yake. Mwenyekiti akasema safari hii hawatagombana kwa midomo. Kulikuwa na laptopu waliyopewa na wafadhili, ndani yake kuna mfumo wa ripoti ambao haujawahi kufunguliwa na mtu. Basi Paskalina aingize vipimo vyote vya miezi mitatu, atoe wastani wa kila duara, na lenye wastani mkubwa lipate mashine. Ripoti ikisimama, kiti ni chake. Isiposimama, Jumatatu inayofuata anakuja Swaleh, mtoto wa dada yake Mwenyekiti, mwenye cheti cha kompyuta kutoka Mwanza, na yeye Paskalina anarudi jikoni alikozoea.

"Na usione nakuonea, Mama Loveness," alimwambia. "Ugali wako tunaukumbuka."

Ndipo alipojiandikisha kwenye masomo ya jioni mjini Geita, katika chumba kilicho juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Mwalimu aliitwa Zuhra, binti wa miaka ishirini na saba, mtaratibu, ambaye kila alipoingia alimwamkia Paskalina shikamoo, na kila mara Paskalina alisimama wima kumwitikia marahaba mwalimu, hata ikawa hajulikani nani anamheshimu nani. Darasa lilianza saa kumi na moja na kukatishwa na sala ya magharibi. Zuhra akienda kuswali, Paskalina alitoa rozari yake, na wale vijana wengine wanne walibaki wakiangaliana, wakijiona wapagani.

Zuhra alikuwa na mtindo wake. Hakumruhusu mtu kuandika fomula kabla ya kuisema kwa Kiswahili kwa sauti. Unataka nini? Wastani. Wastani wa nini? Wa pointi. Wa maduara yote? La, wa duara moja tu. Basi sema hivyo hivyo: kokotoa, fungua mabano, wastani wa pointi, mkato, duara liwe la nane, funga mabano. Ile sehemu ya baada ya mkato, alisema, ndiyo kichujio. Mashine husimama kwanza ikachuja, ikaacha mistari ya Duara la Nane peke yake, ndipo inapokokotoa.

Hilo Paskalina alilielewa papo hapo, kuliko vijana wote. Maisha yake yote alikuwa amechuja. Alichekecha unga, alichuja togwa, alipepeta mpunga. Na Maandiko nayo yalishamwambia mapema kwamba ngano itatengwa na makapi. Hakujua tu kwamba kazi hiyo inahitaji mkato. Akarudi machimboni amepakiwa kwenye bodaboda, akiikariri fomula njia nzima kwa sauti ya litania, fungua mabano, funga mabano, na dereva, ambaye alikuwa Mlokole, akawa anaitikia amina kila alipopunguza mwendo kwenye tuta.

Jaribio la kwanza lilitoa maajabu. Maduara yote matano yalipata wastani mmoja, pointi nne na nukta mbili, hakuna aliyezidi wala aliyepungukiwa. Paskalina alitazama namba zile sawasawa akakumbuka mana jangwani, jinsi aliyekusanya nyingi hakubakiwa na kitu wala aliyekusanya kidogo hakupungukiwa, akatoa machozi kidogo. Akampigia Zuhra kumshirikisha. Zuhra alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, halafu akamuuliza kama ameweka kichujio. Hakuwa ameweka. Alikuwa ameandika wastani mtupu, na mashine ilikuwa imewachanganya watu wote kwenye chungu kimoja na kumgawia kila mmoja upawa uleule.

Jaribio la pili aliandika "la nane" kwenye fomula wakati kwenye jedwali ameandika tarakimu, na mashine ikajibu kwamba haimjui mtu wa jina hilo. La tatu aliacha mabano wazi. La nne alisali Baba Yetu nzima kabla ya kubonyeza, badala ya ishara ya msalaba peke yake, na ikakubali.

Duara la Nane liliongoza. Liliongoza kwa mbali mno: wastani wa pointi kumi kwa kiroba, yaani gramu nzima ya dhahabu katika kila kiroba cha mawe. La pili, Duara la Tatu, lilikuwa na pointi nne. Mengine yalifuata nyuma kama mbuzi vilema. Paskalina alichora nguzo tano kwenye ripoti, na nguzo ya Nane ilisimama kama mnara wa simu juu ya vibanda.

Ilikuwa Jumatatu, mkutano ulikuwa Ijumaa. Hakumwonyesha mtu. Lakini alikwenda kunywa maji, akaacha laptopu wazi, na kwenye machimbo hiyo ni sawa na kutangaza redioni. Kabla ya jua kuzama Mageni, msimamizi wa Duara la Nane, alikuwa ameshachinja mbuzi. Mageni alikuwa mtu wa kifua kipana na furaha pana zaidi, na alipofurahi alitaka kila mtu ale. Mwenyekiti alikula. Alikula mguu mzima, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na hisa katika Duara la Nane, akasema kumbe kompyuta ina akili. Paskalina aliletewa ini kwenye sahani iliyofunikwa. Mageni alimwambia kwamba kuanzia sasa watamwita Mayu wa Nane, mama wa duara lao, na wanaume ishirini wakapiga makofi.

Kesho yake akiwa darasani alimwonyesha Zuhra ile ripoti, kwa unyenyekevu uliokuwa na majivuno kidogo ndani yake, akatubu hapohapo. Zuhra aliisifu. Kisha akauliza swali dogo: wastani huu umetoka kwenye vipimo vingapi?

Paskalina alisema kumi na sita. Kila duara lilikuwa na mistari kumi na sita, alikuwa ameiandika kwa mkono wake.

"Mistari ndiyo, mama. Nauliza vipimo," alisema Zuhra. "Weka hesabu ya vipimo pembeni. Wastani usio na idadi ni shahidi asiyetaja jina lake."

Akaweka. Duara la Tatu, vipimo kumi na vinne. Duara la Nane, vipimo viwili.

Viwili. Tisa na kumi na moja, ukigawa kwa mbili unapata kumi. Ile mistari mingine kumi na minne ilikuwa na tarehe, namba ya duara na namba ya kiroba, lakini pale penye pointi palikuwa peupe. Naye alipokuwa akinakili kutoka kwenye daftari, palipokuwa peupe aliacha peupe, kwa uaminifu wote, kama mtu anayenakili Biblia. Zuhra akamweleza kwamba mfumo ukikuta nafasi tupu haubishani nayo. Huiruka kama haipo, na kugawa kwa wale waliojibu tu. Swali basi si la kompyuta. Swali ni kwa nini nafasi zile ni tupu.

Paskalina alirudi nyumbani bila kukariri chochote.

Usiku huo hakuomba fomula. Aliomba tu kwamba nafasi zile kumi na nne ziwe viroba vilivyopotea, au kalamu iliyokauka, kitu chochote kisichokuwa kile alichoanza kukihisi. Kwa maana machimboni kuna neno moja lisilotamkwa. Si tusi, matusi hutamkwa tangu alfajiri, na mengine yana mashairi. Neno lenyewe ni "hakuna". Wanasema dhahabu ina masikio. Ukisimama juu yake ukasema haipo, yenyewe hujibu kimoyomoyo kwamba haya, basi sipo, ikahamia kwa jirani. Usiseme hakuna, usiseme hamna, na usidhani utajificha kwa Kisukuma ukasema nduhu, kwa kuwa dhahabu ya Geita inakijua Kisukuma kuliko wewe. Fundi wa pampu kutoka mjini aliwahi kushukuriwa kwa kazi nzuri, naye akajibu "hakuna shida" akiwa amesimama kwenye mdomo wa duara. Alitozwa kreti mbili za soda kabla hajakusanya spana zake.

Mwiko huo Paskalina aliujua kwa miaka sita. Hata jikoni chumvi ikiisha walisema imekwenda sokoni. Alichokuwa hajakifikiria ni kwamba mwiko wa mdomo unaweza kuhamia kwenye kalamu.

Mwandishi wa daftari alikuwa Mzee Ngassa. Kila duara lilipotoa mawe, yeye alichukua kiroba kimoja cha sampuli, akakipeleka karashani kikasagwe, akauosha ule unga kwenye karai mpaka ibaki dhahabu yenyewe, akaipima, akaandika. Asubuhi ya Jumatano Paskalina alimkuta kwenye mwalo, pale pa kuoshea mawe, amekaa kwenye kigoda, miguu ndani ya maji ya tope.

"Mwangaluka, baba. Shikamoo."

"Mwangaluka, mayu. Marahaba."

Alimzungukia kwanza kwa habari za nyumbani, za mvua, za mahindi. Kisha akafungua daftari na kuweka kidole kwenye mstari mmoja wa Duara la Nane, palipokuwa peupe, akamuuliza siku hiyo ilikuwaje. Mzee Ngassa alitazama kile kidole, akatazama maji, akasema siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Paskalina akauliza kama kiroba kiliosheka vizuri. Kiliosheka vizuri sana. Na kilipoosheka, kilionekana nini? Yule mzee akatazama kushoto, ambako wanaume watatu wa Duara la Nane walikuwa wakinoa sururu, akasema kwa sauti ya juu kwamba karai lilikuwa safi, safi kabisa, zuri la kuangalia.

Waliendelea hivyo kwa muda. Ilikuwa kama kumuuliza mtu umri wa mke wake mbele ya mke wake. Mwishowe Paskalina akakiri tatizo lake: hahitaji neno. Mashine haisikii maneno, inataka kujua tu. Yeye atasoma tarehe, na baba afanye anavyoweza.

Mzee Ngassa alifikiri. Akalichukua karai, akaliosha, akaliweka juu ya goti.

Paskalina akasoma tarehe ya kwanza, ile yenye pointi tisa. Karai likabaki limetazama juu. Akasoma ya pili. Mzee, pasipo kubadilisha uso, akaligeuza karai likatazama chini, tone moja la maji likadondoka. Ya tatu, akaligeuza tena. Ya nne. Ya tano. Wale wanaume watatu waliacha kunoa. Ya sita. Mmoja akavua kofia. Ilipofika ya tisa, watu wa maduara mengine walikuwa wameshakusanyika, kimya, kama watu wanaoangalia mtu akitahiriwa. Karai lilikuwa likigeuka na kudondosha tone, likigeuka na kudondosha tone.

Kwenye mstari wa kumi na mbili mzee hakuligeuza. Alilisimamisha kwa ukingo, likayumba huku na huku, akalishika lisianguke.

"Hii ndiyo nini, baba?"

Hapo Mzee Ngassa alikuwa huru kusema, akasema yote kwa raha. Kile kiroba hakikufika karashani. Bodaboda ilikipeleka ikakata kona pale darajani, kiroba kikaingia mtoni na dereva nyuma yake. Dereva walimpata.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa hivi: mara kumi na tatu karai lilitazama chini, na mara moja lilisimama kwa ukingo. Paskalina alirudi ofisini, akafunga mlango. Zile kumi na tatu hazikuwa nafasi tupu. Zilikuwa sifuri, na sifuri ni jibu kama jibu jingine, lazima lihesabiwe. Ile moja ndiyo iliyokuwa tupu kweli, na hiyo ndiyo ya kuchujwa. Akaandika sifuri kumi na tatu. Maduara mengine walikuwa wameyapitia vivyo hivyo, na kwa Duara la Tatu, ambalo mzee alilimaliza kwa kugeuza karai mara mbili tu, akaandika sifuri mbili. Akabonyeza. Mnara wa simu ukaanguka: Duara la Nane, pointi moja na nukta tatu. Duara la Tatu, tatu na nusu.

Alikaa akizitazama namba zile mpaka ugali wa mchana ukapita bila yeye. Angeweza kuifuta kazi ya asubuhi ile. Ripoti ya kwanza haikuwa ya uongo. Kila namba iliyokuwamo ilikuwa ya kweli, na fomula ilikuwa sahihi, Mwalimu aliithibitisha. Mwenyekiti angefurahi, Mageni angechinja tena, na kiti kingekuwa chake mpaka uzee. Ila mashine ingekula siku kumi kutoboa mwamba mkavu, na wale watu wa Duara la Tatu, waliokuwa wakiokota pointi tatu tatu kwa unyonge kila wiki bila kuchinja hata kuku, wangebaki wakiangalia. Akalipeleka jambo lile mbele za Mungu kwa namna zote anazozijua, akiwa amepiga magoti kati ya meza na kabati la mafaili. Hakupata jibu jipya. Alipata lilelile ambalo alikuwa nalo kabla ya kupiga magoti.

Mkutano wa Ijumaa ulifanyika kwenye banda la kuonyeshea mpira, kwa sababu ndipo penye televisheni kubwa ya kuunganishwa na laptopu. Watu walikaa kama wakaavyo siku za mechi. Upande wa Nane walikuja na vuvuzela moja. Mwenyekiti alikaa mbele na kanzu yake, na pembeni yake alikaa Thobias, fundi wa ile mashine ya kuchoronga, aliyekuja kujua tu aegeshe wapi.

Paskalina akapiga ishara ya msalaba, akafungua ripoti. Alikuwa ameweka kitufe cha kuchagua: ukikibonyeza upande mmoja, wastani unahesabu nafasi zilizojazwa zamani peke yake, upande wa pili, unahesabu kila kiroba kilichooshwa. Akaanza na upande wa kwanza. Mnara ukasimama, vuvuzela likalia, Mageni akampungia mkono Mwenyekiti.

Kisha akabonyeza upande wa pili.

Nguzo ya Duara la Nane ilishuka mbele ya macho ya watu mia moja. Ukimya ulioingia bandani ulikuwa ule wa goli lililokataliwa, wakati mfungaji bado anakimbia na jezi kichwani.

"Mama Loveness," alisema Mageni polepole, "nguzo yetu imekwenda wapi?"

"Haijaenda popote, baba. Imekaa mahali pake."

Akaeleza. Alieleza vizuri, kama alivyofundishwa, akisema kwanza kwa Kiswahili: wastani wa pointi, kwa viroba vilivyooshwa, ila kile cha mtoni kiachwe. Alisema viroba viwili vya Nane vilikuwa na neema kubwa, na vile kumi na vitatu vilikuwa tofauti. Mtu mmoja nyuma akauliza tofauti vipi. Akasema tofauti na vile viwili. Akawa anakwenda kwa ncha za vidole, kama mtu anayepita chumbani kwa mtoto aliyelala, na alikuwa karibu kuufikia mlango. Lakini Mwenyekiti, ambaye mguu wa mbuzi ulikuwa bado haujamtoka moyoni, akaikunja mikono ya kanzu yake.

"Mimi nataka jibu linaloeleweka. Siku hizo kumi na tatu, kwenye karai mlikuwa na nini?"

Paskalina aliona Mzee Ngassa akifumba macho. Safari hii hakuomba hekima. Alikuwa ameshaiomba wiki nzima. Aliomba sauti.

"Hakuna, Mwenyekiti."

Benchi moja lilianguka. Watu watatu walitoka nje mbio, mmoja wao kwa dirisha, na upande wa Nane ukasimama wote kana kwamba nyoka amepita chini ya viti. Mageni alishika kichwa kwa mikono miwili. Mtu fulani alikuwa akitaka kujua kama neno likisemwa bandani linafika mpaka duarani, na mwingine akamjibu kwamba ni hatua mia mbili tu na upepo unaelekea huko. Mzee Ngassa akainuka, akaomba iandikwe kwamba yeye hakusema kitu. Yeye aligeuza karai tu.

Aliyewatuliza ni Thobias, kwa kuwa yeye alikuwa mgeni na alikuwa na haraka. Alisema mashine yake haitoboi nguzo ya kwenye tivii, inatoboa mwamba, na mafuta yake yanakwenda kwa saa. Kama kuna shimo linalotoa kidogo kila siku na lingine lililotoa mara mbili likanyamaza, yeye fundi anajua pa kuegesha. Wakapiga kura ya mikono. Hata upande wa Nane mikono kadhaa ilinyooka, ya watu waliokuwa wakisaga mawe makavu miezi mitatu na migongo yao inajua. Duara la Tatu likapata mashine.

Mwenyekiti alifunga mkutano kwa dua fupi. Alipopita mbele ya Paskalina akamwambia, bila kusimama, kwamba ripoti ni kweli imesimama, ila yeye ndiye iliyemwangusha, na Swaleh anakuja Jumatatu kama ilivyopangwa.

Swaleh alikuja. Alikuwa kijana wa miaka thelathini, mpole, na shati lililopigwa pasi mikononi, na cheti ndani ya bahasha ya plastiki. Paskalina alimkabidhi meza, laptopu na fomula zote, akamwonyesha ile inayopenda kuachwa mabano wazi, akaenda jikoni akajifunga kanga kiunoni.

Alasiri Mzee Ngassa akaja ofisini na daftari. Baada ya aibu ya Ijumaa, chama kilikuwa kimeamua kwamba kuanzia sasa kila kiroba kiandikiwe namba, yoyote itakayokuwa. Mzee alikubali, kwa sharti kwamba hataandika yeye. Akalifungua daftari mbele ya Swaleh, akaweka dole gumba kwenye mstari mmoja, akageuza uso ukutani.

Swaleh akauliza aandike nini. Mlangoni walikuwa wamesimama Mageni na wenzake watatu, na Mageni akamweleza mgeni kwa upole mkubwa, kama mtu anayemwonyesha mgeni choo kilipo. Akamwambia kwamba ile namba ya mviringo ina mwenyewe. Anayeiandika ndiye anayeifukuza dhahabu, na dhahabu ikifukuzwa haisahau mwandiko. Hawamtishi. Yupo jamaa mmoja wa Buseresere aliyeiandika kwa bahati mbaya kwenye risiti, na hajambo. Anaendelea vizuri, anaanza hata kutembea.

Swaleh aliiweka kalamu mezani. Alisema cheti chake ni cha mifumo, hakihusiani na mambo ya mila, na tena mama yake alimwomba sana asijiingize. Akaomba maji.

Ikabidi Paskalina aitwe kutoka jikoni. Alikuja na unga mpaka kwenye viwiko, akapiga ishara ya msalaba, akaandika sifuri, akarudi kwenye sufuria. Baada ya nusu saa akaitwa tena. Jumanne aliitwa mara nne, na Jumatano mara sita, kwa sababu ilikuwa wiki kavu kwa maduara yote isipokuwa la Tatu. Safari ya sita alikuta ugali umeshika moto chini, moshi umejaa jikoni, na wanaume themanini wamepanga foleni na sahani zao. Wakala hivyohivyo. Mwenyekiti, aliyekuja kukagua mashine, akapewa naye, akatafuna tonge moja kwa muda mrefu. Halafu akauliza, akiwa bado anatafuna, kama katika watu wote wa machimbo yale yupo mwingine awaye yote anayeweza kuandika namba ile. Watu wakatazama miguu yao. Akamtazama mpwa wake, naye akatazama bahasha yake.

Mwenyekiti akameza. Akasema kwamba karani wa chama ni Mama Loveness, leo na siku zote, na jikoni aende Bhoke, ambaye alikuwa akiosha vyombo na hajui kuandika chochote, cha mviringo wala cha mraba.

Swaleh aliwahi basi la saa nane. Mzee Ngassa alikuwa ameshafika ofisini na daftari lake, dole gumba likiwa tayari mahali pake. Paskalina akanawa mikono, akakaa, akavuta kiti karibu, akaandika sifuri mbili za Duara la Tisa, nono na za mviringo mzuri, moja baada ya nyingine, huku wanaume wazima wanne wakiwa wamegeuzia nyuso zao ukutani.